Baba watoto anataka kutupeleka jangwani kwa Coaster: je, siku 14 zinatosha?

Yaya,

Pokea salamu kutoka Bel-Air, hapa hapa Lubumbashi. Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu bila kufikiri kwamba siku moja nami nitakuwa mwenye swali, lakini nyumbani kwetu kuna jambo ambalo limeigawa meza ya chakula, na sina tena mtu wa kumwuliza ambaye hajachukua upande.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Mkubwa ni mvulana wa miaka minane, wa pili ni msichana wa miaka minne, na wa mwisho ana miezi saba sasa, maana yake atakuwa ametimiza miezi kumi siku ya safari ninayotaka kukueleza. Baba yao ni shofere wa lori. Kwa miaka 11 amekuwa akibeba shaba kutoka migodi yetu hadi bandari ya Walvis Bay, kule Namibia, na kila anaporudi huwasimulia watoto juu ya Swakopmund, mji ulio jirani na bandari hiyo, ambako jangwa linateremka mpaka kwenye maji ya bahari na mtu akisimama juu ya kilima cha mchanga anaona meli. Mkubwa wetu ameuchora mji huo mara nyingi kiasi kwamba ukuta wa chumba chake umekuwa wa manjano.

Mwaka jana baba yao aliwaahidi kuwapeleka. Mwaka huu amenunua Coaster kuukuu, akang'oa viti vyote vya nyuma, akampa kazi seremala na fundi wa kuchomelea, na sasa ndani mna kitanda kikubwa upande wa nyuma, sofa mbili za mbao zinazotazamana, jiko la gesi, tanki la maji la lita 100 na choo kidogo cha kubebeka. Ni nyumba yenye magurudumu, na sikatai kwamba imependeza.

Mpango wake ni huu: tuondoke wiki ya pili ya mwezi wa saba, shule zikishafungwa, kwa siku 14, kwa kuwa mwajiri wake hampi zaidi. Siku nne za kwenda, sita za kukaa, nne za kurudi. Anasema watoto watalala kitandani huku gari linakwenda, kwa hiyo hawatachoka, na kwamba njia ile anaijua kama anavyolijua ua la nyumba yetu.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, amekataa. Amesema waziwazi mbele ya mwanawe kwamba mtoto ambaye meno hayajamaliza kuota hapelekwi jangwani, na kwamba jua la kule litamkausha kama bitoyo, samaki mkavu wa sokoni. Tangu siku hiyo hawazungumzi vizuri, na kila mmoja ananitazama mimi niseme neno. Mimi mwenyewe naogopa joto, naogopa nyoka, naogopa bahari ambayo watoto wangu hawajawahi kuiona. Lakini pia namwona baba watoto, ambaye katika miaka 11 amekuwa nyumbani labda nusu ya usiku wote, jinsi anavyopiga nyundo ndani ya gari lile kila Jumapili pamoja na mwanawe.

Je, nikatae? Nikikubali, nijiandae vipi? Na mama mkwe nimjibu nini bila kumvunjia heshima?

Mama wa Watatu, Bel-Air

*

Mama wa Watatu,

Nitaanza na jibu, maelezo yafuate: jangwa ndiyo, siku 14 hapana. Nimeisoma barua yako mara tatu, na hofu zako zote, pamoja na ile ya mama mkwe, zimeelekezwa Swakopmund, ilhali mji ule ndio sehemu iliyo rahisi kuliko zote katika safari hii. Kinachonitisha mimi ni zile siku nne za kwenda, ambazo umezitaja kwa sentensi moja tu, na kile kitanda ambacho umekisifu.

Tuanze na joto, kwa kuwa ndilo lililowagombanisha. Ni kweli kwamba Swakopmund ni mji wa jangwani kabisa. Uko ukingoni mwa jangwa la Namib, na mvua inayonyesha pale kwa mwaka mzima kwa kawaida haifiki hata milimita 20, kiasi ambacho sisi hapa Lubumbashi tunaweza kukipata katika alasiri moja ya mwezi wa kumi na mbili. Lakini mbele ya mji huo hupita mkondo wa Benguela, maji baridi yanayotoka kusini, na hewa inayopita juu ya maji hayo hupoa, ikageuka ukungu, na ukungu huo ukaingia mjini na kukaa mpaka saa nne au saa tano za asubuhi. Katika mwezi wa saba ni kawaida mchana usifike nyuzi 20, na usiku ushuke karibu na nyuzi 10. Nilipokwenda kule na wajukuu wangu wawili nilikuwa nimejaza begi nguo nyepesi za mikono mifupi, kwa kuwa nami nilidhani jangwa ni joto tu, na shughuli yangu ya kwanza katika mji wa jangwani ilikuwa kutafuta duka la sweta. Kwa hiyo mwambie mama mkwe kwamba amekosea upande mmoja tu: mjukuu wake hatakauka, bali atapigwa na baridi asipofunikwa vizuri. Chukua soksi, kofia za sufu, na blanketi zile zile mnazotumia hapa nyumbani katika kiangazi, msimu wetu mkavu wenye usiku wa baridi.

Kuna siku chache ambazo kanuni hii huvunjika. Katika miezi hiyo hiyo ya baridi, mara kwa mara upepo wa mashariki hushuka kutoka bara, na joto likapanda kwa saa chache mpaka kupita nyuzi 30, mchanga ukiruka kuvuka barabara kama maji. Siku hiyo hamtoki. Mnafunga madirisha, mnapumzika upande wenye kivuli, na hamwendeshi gari, kwa kuwa mchanga ule hufuta rangi ya gari na humziba shofere macho. Kwa kawaida upepo huo haudumu.

Sasa njia. Kutoka Lubumbashi kupitia mpaka wa Kasumbalesa, Kitwe, Lusaka, Livingstone, Katima Mulilo, Rundu, Grootfontein na Otjiwarongo hadi Swakopmund ni mwendo unaokaribia kilomita 2,500. Gawanya kwa siku nne, utapata zaidi ya kilomita 600 kwa siku, bila kuhesabu mipaka miwili. Mume wako anaijua njia hiyo, sina shaka. Wakubwa wanaiita ushoroba wa Walvis Bay, Ndola na Lubumbashi, na watu wa kazi yake ndio walioifanya iwe hai. Lakini anaijua akiwa peke yake ndani ya lori, mtu mzima anayekula anaposhika usukani na kulala anapopaki. Mtoto wa miezi kumi ananyonya, anabadilishwa nepi, na kwenye kiti chake hapaswi kukaa zaidi ya saa mbili bila kunyooshwa. Msichana wa miaka minne atataka kukojoa dakika kumi baada ya kusema hataki. Hesabu wewe mwenyewe: kilomita 600 kwa wastani wa kilomita 70 kwa saa, ambao kwa Coaster iliyobeba kitanda, sofa na lita 100 za maji ni wastani mzuri, ni saa nane na nusu za magurudumu kuzunguka. Ongeza vituo vitano vya nusu saa. Ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi, unafika saa kumi na moja jioni katika siku ambayo hakuna kilichoharibika, na siku ya namna hiyo sijawahi kuiona Kasumbalesa, ambako foleni ya malori peke yake inaweza kula asubuhi nzima. Mwezi wa saba jua huzama karibu saa kumi na mbili. Kwa hiyo ratiba ya siku nne ni ratiba ya kuendesha usiku, hata kama hakuna aliyetamka neno hilo.

Na usiku ndio ninaokukataza. Kati ya Divundu na Kongola barabara inapita katikati ya hifadhi ya Bwabwata kwa kama kilomita 200, na tembo huvuka pale wapendapo. Baada ya Rundu ni ng'ombe na punda. Katika Zambia ni malori yaliyokufa njiani bila taa. Kipande cha kutoka Livingstone hadi Sesheke kimejulikana miaka mingi kwa mashimo, na shimo ambalo lori hulipita kwa kutikisika kidogo linaweza kuvunja ekseli ya basi dogo.

Ukiniuliza idadi, nasema siku nane za kwenda, mojawapo ikiwa ya kupumzika Livingstone, siku sita za kukaa, na nane za kurudi, yaani siku 22. Mwezi wa saba na wa nane ni likizo, watoto wana nafasi. Asiye na nafasi ni baba yao. Aende kwa mwajiri wake sasa, miezi mitatu kabla, na aombe likizo ya mwaka huu pamoja na siku zilizobaki za mwaka jana kama zipo. Akikataliwa, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kwamba wewe na watoto mpande ndege hadi Johannesburg na kutoka huko hadi Walvis Bay, naye atangulie kwa Coaster pamoja na shofere mwenzake. Mtoto aliye chini ya miaka miwili hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli, lakini nyinyi wengine watatu mtalipa, na najua si fedha ndogo. Ya pili, ambayo mimi ningeichagua, ni kuishia Livingstone. Ni karibu kilomita 1,000 kutoka hapa, siku tatu za mwendo wa kibinadamu, na katika mwezi wa saba maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria, bado yana maji mengi ya kumshangaza mtoto yeyote. Swakopmund haiondoki. Mdogo akiwa na miaka mitatu atakwenda akiwa na akili ya kukumbuka.

Sasa niseme juu ya kitanda, na naomba sehemu hii umsomee baba watoto kwa sauti. Hakuna mtu anayelala kitandani gari likiwa linakwenda. Mtoto aliyelala bila mkanda, shofere akifunga breki ghafla kwa ajili ya mbuzi, hurushwa mbele kwa nguvu ambayo mkono wa mama hauwezi kuizuia, na mtu mwenye miaka 11 barabarani amekwisha kuona ajali za kutosha asihitaji nimweleze zaidi. Sofa za mbao zinazotazamana nazo hazifai, kwa sababu viti vya watoto havitengenezwi kwa ajili ya kufungwa kwenye kiti kinachoangalia ubavuni, na mkanda uliopigiliwa kwenye ubao hung'oka pamoja na ubao. Fundi wa kuchomelea arudishe viti vitatu au vinne vya asili vinavyoangalia mbele, avifunge kwa bolti kwenye fremu ya gari na si kwenye bati la sakafu, kila kimoja kiwe na mkanda wa kupita begani na kiunoni. Mdogo akae kwenye kiti cha mtoto kinachoangalia nyuma, wa miaka minne kwenye kiti chake chenye mikanda, na mkubwa kwenye kiti cha kumwinua ili mkanda upite begani na si shingoni. Kazi hiyo itapunguza uzuri wa sebule yenu. Ipunguze tu.

Jambo moja dogo juu ya mlango. Coaster zilizotengenezwa kwa usukani wa kulia huwa na mlango wa abiria upande wa kushoto. Hapa kwetu tunaendesha kulia, kwa hiyo mlango huo hufungukia katikati ya barabara. Mkishavuka Kasumbalesa mnahamia kushoto, na mlango huo huo unafungukia kando, kwenye majani. Watoto watazoea kushuka upande salama kwa wiki tatu, halafu siku ya kurudi, kilomita 90 tu kutoka nyumbani, watashuka kwa mazoea yale yale mbele ya lori. Mlango ufunguliwe na mtu mzima, siku zote, hata nyumbani.

Baridi ya Swakopmund inanileta kwenye jambo ambalo sisi wa Katanga tunalijua na bado tunalifanya. Usiku wa tatu au wa nne, ukungu ukiwa umeingia na watoto wanakohoa, mtu atasema: tuingize mbabula, jiko letu la makaa, kidogo, gari lipate joto. Kataa. Makaa yanayoungua ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi wa kuonekana, na kila mwaka katika kiangazi tunazika watu hapa mjini waliolala na mbabula ndani. Coaster ni chumba kidogo kuliko vyote. Jiko la gesi nalo ni la kupikia huku dirisha likiwa wazi, si la kupashia joto; mtungi ufungwe kila gari linapoondoka, na usimame wima ndani ya kisanduku chenye tundu la hewa chini. Kwa joto tumieni blanketi, chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, na miili yenu.

Kinyume chake ni gari lililosimama juani huko bara, Otjiwarongo au Karibib, ambako ukungu haufiki. Ndani ya dakika kumi joto la gari lililofungwa linaweza kupanda kwa nyuzi kumi, na mwili wa mtoto mdogo hupata joto mara tatu hadi tano haraka kuliko wa mtu mzima. Kwa hiyo hata mkisimama kununua mkate tu, mtoto aliyelala anaamshwa na kushuka nanyi, alie asilie.

Karatasi zinataka subira kuliko fedha. Kila mtoto awe na pasi yake, na ulizieni masharti ya visa ya Zambia na ya Namibia mapema, kwa kuwa mpakani si mahali pa kuyajifunza. Namibia huomba cheti kamili cha kuzaliwa cha kila mtoto, chenye majina ya wazazi wote wawili, na kwetu Wakongo cheti hicho ni muhimu mara mbili, kwani kwetu mtoto anaweza kuitwa jina la babu mzaa mama huku dada yake akiitwa jina la shangazi, na ofisa wa uhamiaji aliyezoea familia zenye jina moja ataona mwanamume mwenye watoto watatu ambao hakuna hata mmoja anayefanana naye kwenye karatasi. Vifanyiwe tafsiri ya Kiingereza iliyopigwa muhuri. Mkichagua njia ya ndege, wewe uwe na barua ya idhini ya baba yao iliyothibitishwa. Halafu kuna kadi mbili za njano ambazo watu huzichanganya: moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo kila anayetoka Kongo huulizwa, na mwanao mdogo achanjwe mara atakapofikia umri wa chanjo hiyo, nyingine ni ya bima ya gari ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, inayokubalika Zambia lakini si Namibia, kwa sababu Namibia ilijitoa COMESA mwaka 2004. Mtalipa ada ya gari la kigeni pale Katima Mulilo. Baba watoto analijua hili kwa lori. Aulize kiwango cha basi dogo.

Chakula ni chepesi kuliko unavyodhani. Unga wa bukari (ugali), mchele, maharage, maziwa ya unga na ndizi vinatosha kati ya mji na mji. Msibebe nyama mbichi kutoka kaskazini: kati ya Rundu na Grootfontein kuna kizuizi cha mifugo cha Mururani, ambako nyama mbichi ya ng'ombe, mbuzi na wengine wenye kwato zilizogawanyika hairuhusiwi kupita kwenda kusini, kwa kuogopa ugonjwa wa miguu na midomo, na mtalazimika kuitupa au kuipika pale pale. Nunueni nyama mkishapita.

Maji ya bomba ya Swakopmund hunywewa, lakini huko njiani mchemshie mdogo. Hewa ya bara ni kavu mno, midomo hupasuka na pua za watoto hutoka damu. Mafuta ya Vaselini kidogo asubuhi na usiku husaidia. Mdogo mnyonyeshe mara nyingi kuliko kawaida, na uangalie nepi: zikikaa kavu kwa saa sita, mtoto hana maji ya kutosha. Mmoja wao akiharisha, na mmoja wao ataharisha, lita moja ya maji safi na vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, ndiyo dawa ya kwanza mpaka mfike hospitali. Malaria ipo Zambia na katika ukanda wa Katima hadi Rundu, hata kama mwezi wa saba mbu ni wachache, kwa hiyo chandarua kifungwe juu ya kile kitanda. Swakopmund haina malaria. Homa ikimshika mtoto mkiwa kule, mwambieni daktari bila kungoja aulize kwamba mmepita kaskazini na kwamba mmetoka Kongo.

Kuhusu mji wenyewe, nikikumbuka wajukuu wangu, naona zile siku zenu sita zitaisha kabla hawajashiba. Lipeni kambi yenye uzio, umeme na maji, msilale kando ya barabara. Asubuhi ya ukungu ni ya ndani ya mji: gati refu la chuma lililoanza kujengwa mwaka 1912, ambako mnatembea juu ya bahari mkiwa mmeshikana mikono, na jumba la makumbusho. Pale panapoitwa Mole, Wajerumani walijenga ukuta wa bandari kati ya 1899 na 1903. Bandari ikajaa mchanga katika miaka michache, na kosa lao limekuwa ufuo tulivu wa watoto kuchezea. Wachezee mchanga, waloweshe miguu, basi. Maji yale ni baridi kiasi cha kumkata mtu pumzi, na nje ya ukuta mawimbi huvuta.

Mkubwa wako atauliza kwa nini nyumba za mji huo wa Afrika zinafanana na za Ulaya. Mwambie. Mji ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1892, kama wetu ulivyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na ukingoni mwa mji, kando ya makaburi ya Wazungu yenye majina, kuna uwanja wa vichuguu vya mchanga visivyo na majina, ambako walizikwa Waherero waliokufa katika kambi za miaka ya 1904 hadi 1908. Mtoto wa miaka minane anaweza kusimama pale kwa dakika tano.

Mchana jua likitoka, nendeni kwenye mchanga. Barabara ya kwenda Walvis Bay, kama kilomita 30, ina vilima upande mmoja na bahari upande wa pili, ndiyo picha iliyoko ukutani kwenu. Kilima kiitwacho Dune 7, nje ya Walvis Bay, kipandwe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi alasiri, maana katikati ya siku mchanga huchoma nyayo hata hewa ikiwa baridi, na jua hudhuru ngozi hata nyuma ya ukungu. Wewe na mdogo kaeni chini mkiwa na mwavuli, muwatazame wengine wakiteleza. Kwenye ziwa la chumvi la Walvis Bay kuna flamingo wengi, na hao hata mtoto wa miezi kumi huwaona na kuwanyooshea kidole.

Nyoka wako yupo, siwezi kukudanganya. Ni kifutu mdogo wa mchangani ambaye hujifukia akaacha macho tu, kwa hiyo watoto wavae viatu vilivyofungwa na wasichimbe kwa mikono chini ya vichaka. Lakini badala ya kumwogopa kutoka mbali, lipieni nusu siku ya mwongozaji anayewaonyesha watu viumbe vya mchanga. Atawaonyesha nyayo za nyoka huyo kabla hamjamwona, na mjusi mwenye vidole vyenye utando kama bata, na akiwa na bahati, mbawakawa anayepanda juu ya kilima asubuhi ya ukungu, akainua makalio juu na kichwa chini, ili matone yamtiririkie mdomoni. Mjukuu wangu wa kike alisimama hivyo hivyo nyumbani kwa mwezi mzima kila alipoona kiu.

Wakitaka zaidi, kama kilomita 120 kaskazini kuna Cape Cross, ambako hulala maelfu ya sili. Harufu yake haielezeki, na kelele ni ya soko letu la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, siku ya Jumamosi. Pale Mreno Diogo Cão alisimika msalaba mwaka 1486, yule yule aliyefika kwenye mdomo wa mto Kongo miaka michache kabla. Mdogo akiwa amechoka, acheni. Ni saa moja na nusu kwenda na nyingine kurudi.

Nimebaki na mama mkwe. Usimjibu kwa maneno, wala usimbebeshe mwanawe ujumbe. Mama aliyelea watoto hashindwi kwa hoja za mkondo wa Benguela. Mwezi wa sita, baridi ya hapa ikiwa imekolea, pakini Coaster uani, mlale ndani nyote watano usiku mbili mfululizo: mpike humo, mnyonyeshe humo, mtumie choo hicho, na asubuhi mzunguke na gari hadi Likasi na kurudi, watoto wakiwa wamefungwa kwenye viti vyao vipya na si kitandani. Mwombe mama mkwe awe mgeni wenu wa chakula cha jioni ndani ya gari, na aseme yeye mwenyewe nini kimekosekana. Atataja blanketi, atataja sufuria, atataja kwamba mlango haufungiki vizuri, na atakuwa amesema kweli. Andika yote, na baba watoto ayatengeneze kabla hajaenda kuomba siku 22.

Yaya